Rekodi Ikija na Kasoro: Nilivyochagua Namna ya Kuhifadhi na Kuhakiki Data za Wagonjwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha rekodi za wagonjwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na katika kuzikagua nikakutana na jambo lililonisumbua kwa siku nyingi. Katika jedwali la vipimo vya presha, safumlalo moja baada ya nyingine ilikuwa na 120 juu ya 80. Hazikuwa za mgonjwa mmoja wala za siku moja. Zilikuwa za wazee, vijana, wajawazito na waliolazwa kwa homa, wote wakiwa na presha ile ile ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuwa ni ya mtu mzima mwenye afya. Na kila safumlalo ilikuwa imepita uhakiki: namba ilikuwa namba, haikuwa tupu, ilikuwa ndani ya mipaka iliyowekwa, na ya juu ilikuwa kubwa kuliko ya chini. Kwa macho ya mfumo, data ile ilikuwa safi kabisa.

Sababu haikuchukua muda kupatikana. Aliyetengeneza fomu alikuwa ameifanya presha kuwa sehemu ya lazima, hivyo muuguzi ambaye hakupima, kwa sababu yoyote ile, hakuweza kuhifadhi ukurasa wala kumpeleka mgonjwa kwa daktari mpaka ajaze kitu. Akajaza kitu. Sikuona namna ya kumlaumu, kwa kuwa foleni ilikuwa mlangoni na kompyuta imemzibia njia. Lawama ilimwangukia mtu wa kazi kama yangu, aliyedhani kwamba kulazimisha sehemu ijazwe ni sawa na kuhakikisha kwamba kipimo kimefanyika.

Tangu wakati huo, mtu akiniuliza ni hifadhidata gani inayofaa kwa rekodi za afya za kielektroniki, huwa namrudishia swali: rekodi ikija na kasoro, utaifanya nini? Wengi huanza na ghala, kwa maana ya kuchagua kati ya majedwali, hati za XML au JSON (namna mbili za kuandika data kama maandishi yenye muundo) au seva fulani iliyokwisha kuundwa, kisha uhakiki ukafuata kama kufuli linalowekwa mlangoni baada ya nyumba kukamilika. Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa. Jibu la lile swali la kasoro ndilo linaloamua ghala liweje, kwa sababu ghala lisilo na mahali pa kuweka jambo lisilokamilika litakulazimisha ama ulikatae ama ulidanganye.

Chukua mfano wa tarehe ya kuzaliwa. Mgonjwa anajua kwamba alizaliwa mwaka 1951, ila mwezi na siku hajui. Safu ya tarehe katika hifadhidata ya kawaida haipokei mwaka peke yake, inataka tarehe kamili, hivyo programu huandika tarehe 1 Januari 1951 na kuendelea na safari. Baada ya muda unakuta idadi kubwa isiyo ya kawaida ya watu waliozaliwa tarehe 1 Januari, na hakuna tena awezaye kutofautisha aliyezaliwa kweli siku hiyo na aliyepewa siku hiyo na mashine. Kiwango cha FHIR, kinachotumika kubadilishana data za afya kati ya mifumo, kimelitambua jambo hili: aina yake ya tarehe inaruhusu mwaka tu, au mwaka na mwezi, au tarehe nzima. Lakini ruhusa hiyo haina maana ukiichukua rekodi hiyo na kuimimina ndani ya safu isiyojua kusema "sijui siku". Hapo kosa ni la uhifadhi, wala hakuna kanuni ya uhakiki itakayolirekebisha baadaye, kwa kuwa ukweli wenyewe umekwisha kupotea.

Majedwali ya kawaida, yale yaliyotokana na fikra za mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd za mwaka 1970, bado nayapenda na sioni haya kusema hivyo. Kwa mambo yaliyotulia, kama usajili wa mgonjwa, mahudhurio, wodi na vitanda, hakuna kinachoyashinda. Tabu huanza kwenye tiba yenyewe. Kila kliniki ina maswali yake, kila mwaka maswali huongezeka, na jedwali lililoanza na safu kumi na mbili hujikuta lina mamia ya safu ambazo nyingi ni tupu kwa wagonjwa walio wengi. Waliochoshwa na hali hiyo walibuni jedwali refu, ambalo kila safumlalo yake hubeba jambo moja tu: mgonjwa fulani, kitu fulani kilichochunguzwa, na thamani yake. OpenMRS, mradi wa mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, unatumia njia hiyo: una kamusi ya dhana, na jedwali moja la uchunguzi lenye safu tofauti kwa thamani ya namba, ya msimbo, ya maandishi na ya tarehe. Swali jipya likija, unaongeza dhana kwenye kamusi bila kugusa umbo la jedwali.

Njia hiyo nimewahi kuisifu asubuhi na kuilaani jioni ya siku hiyo hiyo. Faida yake ni hiyo niliyoitaja. Gharama yake ni kwamba maana huvunjwa vipande. Presha si namba mbili tu. Ni namba mbili zilizopimwa kwenye mkono fulani, mgonjwa akiwa ameketi au amelala, kwa mkanda wa ukubwa fulani, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha presha juu ya ilivyo. Katika jedwali refu kila kipande hukaa kwenye safumlalo yake, na kinachoviunganisha ni namba ya kundi tu. Namba hiyo ikikosewa, unabaki na mkanda usiojulikana ulimpima nani. Isitoshe, hifadhidata yenyewe haiwezi tena kukusaidia kulinda kanuni, kwa sababu kwake kila kitu ni kitu na thamani. Kanuni zote zimehamia kwenye programu, na programu huandikwa upya mara nyingi kuliko data inavyohamishwa.

Kuna wanaohifadhi hati nzima kama ilivyokuja. Tangu hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 9.4 la mwaka 2014 ilipoleta aina ya jsonb, njia hii imekuwa rahisi hata kwa timu ndogo, kwa maana unaweza kuweka JSON ndani ya jedwali na bado ukatengeneza faharasa ya kutafuta yaliyomo. Ila kuna jambo dogo la kuangalia. Jsonb haihifadhi maandishi yenyewe bali maana yake. Mpangilio wa majina hubadilika, nafasi hupotea, na jina likijirudia hubaki la mwisho tu. Kwa kazi nyingi hilo si neno. Lakini kama hati imetiwa saini ya kidijitali, na saini ilihesabiwa juu ya baiti zilezile alizotuma mwenzako, basi ukiitoa hati hiyo kwenye jsonb na kuihakiki saini, itakataa, nawe utatumia siku nzima ukimtafuta mdukuzi ambaye hayupo. Nasema kwa uzoefu.

Ilipofika zamu yangu ya kuchagua, nilichagua mchanganyiko: hati asili inahifadhiwa baiti kwa baiti na haiguswi tena, nakala yake ya JSON inahifadhiwa kwa ajili ya programu, na mambo machache yanayotafutwa kila siku, kama namba ya mgonjwa, aina ya kipimo, tarehe na thamani, yanachopolewa na kuwekwa kwenye majedwali ya kawaida. Seva ya HAPI FHIR inafuata wazo linalofanana na hilo, yaani inaweka rasilimali nzima (FHIR huita hivyo kila rekodi yake) pamoja na majedwali ya faharasa ya kutafutia. Uzuri wake ni kwamba majedwali yale hayana thamani yenyewe. Yakiharibika au yakipitwa na wakati unayafuta na kuyajenga upya kutoka kwenye hati. Anayetunza data za wagonjwa anahitaji sana kuwa na kitu anachoweza kukifuta bila woga.

Kuhusu viwango sitakaa sana, kwa kuwa mabishano yake hayaishi. HL7, shirika la viwango vya data za afya lililoanzishwa mwaka 1987, lilitupa kwanza jumbe za mistari na vijiti, baadaye hati za kitabibu za CDA ambazo toleo lake la pili ni la mwaka 2005, kisha FHIR, iliyoanza mwaka 2011 kwa kazi ya Grahame Grieve na ambayo toleo lake la R4 la mwishoni mwa mwaka 2018 ndilo ninalokutana nalo zaidi, ingawa R5 ilitoka mwaka 2023. Upande mwingine kuna openEHR, kiwango kingine cha rekodi za afya, kinachogawa kazi mara mbili: wahandisi wanatunza modeli ya msingi isiyobadilikabadilika, na wataalamu wa tiba wanaeleza maana ya kila dhana katika kile kinachoitwa akitaipu, kisha violezo vinachagua sehemu zinazohitajika mahali husika. Akitaipu ya presha, kwa mfano, ina nafasi ya mkono, mkao na ukubwa wa mkanda bila mtu kuomba. FHIR ilizaliwa kwa ajili ya kubadilishana data, openEHR kwa ajili ya kuzitunza, na ingawa kila moja imekwisha kuvuka mpaka wake, asili hiyo bado inaonekana.

Jambo ninalotaka msomaji alishike kuhusu FHIR ni hili: mtu akikwambia kwamba data yake "imepita uhakiki wa FHIR", usifurahi mapema. Rasilimali ya uchunguzi katika R4 ina sehemu mbili tu za lazima, nazo ni hali yake na msimbo wa kilichochunguzwa. Rekodi isiyo na mgonjwa, isiyo na tarehe na isiyo na thamani inapita salama salimini. Huo si uzembe wa waandishi wa kiwango. Waliacha msingi uwe mpana ili kila nchi na kila fani ijifungie yenyewe kwa profaili, yaani kanuni za ziada zinazoubana msingi huo. Kwa hiyo swali la maana ni profaili gani iliyotumika, toleo lipi, na mafungamano yake na orodha za misimbo yana nguvu kiasi gani. FHIR ina ngazi nne za mafungamano hayo, kuanzia ile ya lazima ambayo msimbo wa nje ya orodha hukataliwa, hadi ile ya mfano tu, ambayo kwa kweli msimbo wowote hupita.

Katika uhakiki wenyewe, zana huja kwa tabaka. Skima ya XML au ya JSON huangalia umbo: je, sehemu zipo, ni za aina inayotakiwa, zimerudiwa mara ngapi. Skima ya XML ya mwaka 2001 haikuweza kusema "kama hili lipo, basi lile lisiwepo", na ndiyo maana waandishi wa hati za CDA walishikamana na Schematron, lugha ya kanuni iliyobuniwa na Rick Jelliffe mwaka 1999. FHIR nayo ina FHIRPath kwa kazi kama hiyo. Baada ya umbo na kanuni huja istilahi: je, msimbo uliotumwa wa LOINC, orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo, upo, bado unatumika, na unaendana na kipimo? Kisha vizio vya kipimo, ambako nimetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Profaili ya presha ya FHIR hutaka kizio kiandikwe kwa UCUM, mfumo wa misimbo ya vizio vya kipimo, na kwa UCUM milimita za zebaki huandikwa mm[Hg], pamoja na mabano yake. Anayeandika mmHg, kama walivyoandika madaktari wote duniani tangu wajifunze kuandika, anakataliwa. Wahandisi hucheka, waganga hukasirika, na wote wana haki. Lakini ukali huo una sababu. UCUM hutofautisha herufi kubwa na ndogo: mg ni miligramu, na Mg ni megagramu, yaani tani moja. Sijawahi kuona mgonjwa aliyeandikiwa tani moja ya parasetamoli, ila nimeona faili lililosema hivyo.

Sukari ya damu ndiyo iliyonifundisha mipaka ya uhakiki wa namba. Maabara nyingine huripoti kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na moja ya kwanza ni sawa na takriban 18 za pili. Sasa weka namba 20 mbele yako bila kizio. Kama ni milimoli kwa lita, mgonjwa ana sukari iliyopanda mno na huenda anahitaji insulini haraka. Kama ni miligramu kwa desilita, sukari yake imeshuka kiasi cha kuhatarisha maisha, na insulini hiyo hiyo itamuua. Mipaka yoyote utakayoweka ili ipokee maabara za aina zote mbili itaipokea 20 bila kusita. Kwa hiyo katika mfumo wangu thamani isiyo na kizio haiingii kamwe kwenye majedwali ya kuchorea grafu wala ya kutoa tahadhari. Hati yake inahifadhiwa, inaonekana kwa daktari jinsi ilivyo, ikiwa na alama inayosema wazi kwamba kizio hakikuletwa. Lakini mashine hairuhusiwi kuifasiri.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye swali la kasoro, kwa sababu jibu lake lilinichukua muda mrefu. Mwanzoni nilikuwa mkali: kisichopita uhakiki hakiingii. Majibu ya maabara yaliyotumwa usiku yakakataliwa kwa sababu ya msimbo uliopitwa na wakati, ujumbe wa kukataliwa ukaandikwa kwenye faili ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma, na asubuhi daktari akaagiza kipimo kirudiwe kwa mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa imekwisha kupimwa. Hakuna aliyedhurika, lakini mgonjwa alichomwa sindano ya pili kwa ajili ya msimbo wangu. Nikalegeza, mpaka nikawa mlegevu kupita kiasi, na agizo la dawa lisilo na dozi likapita likiwa na alama ya manjano ambayo kila mtu alizoea kuibofya na kuendelea.

Kilichonitoa kwenye kuyumba huko ni kutofautisha nyakati. Rekodi ya jambo lililokwisha kutokea haikataliwi. Jambo limetokea, na kulikataa hakulifuti. Agizo la jambo ambalo bado halijatokea laweza kukataliwa, na mara nyingine ni lazima likataliwe. Mtoto akiandikiwa dozi mara kumi ya inayostahili, uhakiki umzuie anayeagiza hapo hapo, kwa ukali wote. Lakini kama dozi hiyo imekwisha kutolewa kwa bahati mbaya, mfumo unaokataa kuipokea kwa sababu "imevuka kiwango" unaificha taarifa ambayo daktari wa zamu anaihitaji kuliko nyingine yoyote usiku ule. Viwango vyenyewe vimetenga mambo haya: FHIR ina rasilimali moja ya kuagiza dawa na nyingine ya kutoa dawa, na openEHR inatenganisha maelekezo na matendo, mbali na uchunguzi na tathmini. Kwa miaka mingi niliona mgawanyo huo kama mbwembwe za wasomi, na nikatumia kanuni zilezile kwa vyote.

Ndivyo nilivyopata njia tatu. Agizo lenye kasoro linarudishwa kwa aliyeliandika, akiwa bado ameketi mbele ya skrini. Taarifa ya jambo lililotokea inapokelewa, kasoro zake zinaorodheshwa kando yake, nayo inaonekana kwa mganga pamoja na kasoro hizo. Na kile ambacho hakijulikani ni cha mgonjwa gani kinawekwa kwenye foleni ya kando yenye mtu aliyetajwa kuwa mwenye zamu, kwa sababu foleni isiyo na mwenyewe ni kaburi. Kila rekodi hubeba pia jina na toleo la kanuni zilizotumika kuihakiki, kwa kuwa kanuni hubadilika. ICD-11, toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na rekodi zilizoandikwa kwa ICD-10 hazikugeuka kuwa kosa siku hiyo. Pamoja na msimbo tunahifadhi jina la orodha ulikotoka, toleo lake, na maneno yale yale aliyoyaona daktari alipochagua, maana msimbo bila maneno unamlazimu msomaji wa miaka ijayo kuamini kwamba orodha ya zamani itapatikana.

Masahihisho hayafuti kitu. Toleo jipya linawekwa juu ya la zamani, na kila moja lina nyakati mbili: lini jambo lilitokea na lini liliandikwa. Daktari akiulizwa kwa nini alitoa dawa fulani saa nne usiku, ni haki yake kuonyesha alichokuwa akikijua saa nne usiku, si kile kilichosahihishwa saa tatu asubuhi.

Ile fomu ya presha tuliibadilisha. Sehemu ya namba iliacha kuwa ya lazima, na kando yake ikawekwa orodha fupi ya sababu za kutokupima, kwa kuwa openEHR na FHIR zote zina mahali pa kuandika kwa nini thamani haipo, ila hatukuwahi kupatumia. Muuguzi aweza kuhifadhi ukurasa kwa kujaza namba au kuchagua sababu. Baada ya wiki moja nililifungua jedwali. Namba zilikuwa zimetawanyika kama namba za watu halisi zinavyotawanyika, ingawa bado nyingi ziliishia na sifuri, kama inavyotokea popote mtu anaposoma kipimo kwa jicho na kukikadiria. Na kutoka wodi moja, kwa siku tano mfululizo, sababu iliyochaguliwa ilikuwa ile ile: mashine haifanyi kazi. Nilimpigia simu msimamizi wa wodi. Akanijibu kwamba mashine ile ilikuwa mbovu tangu kabla ya mimi kuanza kazi ile, akaniuliza kama sasa ningeweza kumsaidia kupata nyingine.